Nani Aandikwe Juu ya Muswada

Ukurasa wa tatu wa fomu ya kutuma muswada wa utafiti kwenye jarida la kisayansi ni wa waandishi. Kila mwandishi ana visanduku vyake: jina la kwanza, jina la ukoo, baruapepe, taasisi, nchi. Chenye nyota nyekundu hakirukwi. Nilikuwa nimekaa steshenari moja pale Mwanga, mjini Kigoma, kwa sababu nyumbani umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nilijaza vya kwangu, nikajaza vya afisa ugani tuliyefanya naye kazi, kisha nikampigia simu mama mwenye shamba kule Kasulu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshawapelekea?"

Nikamwambia bado, wanataka baruapepe yake. Akasema mjukuu wake atamfungulia jioni akitoka shule. Nikamsomea kisanduku kinachofuata. Akanyamaza kidogo.

"Taasisi? Mimi wa shambani, mwanangu, hapo utaniandika wapi?"

Nilihifadhi fomu ilivyo, nikalipia muda wa mashine, nikatoka.

Swali hilo lilinikaa kichwani wiki nyingi. Kila niliyemweleza alikuwa na jibu la haraka, na kila jibu la haraka lilizidi kunitia mashaka.

## Kilicho chini ya udongo

Muswada wetu unahusu kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha za simu. Wazo lenyewe si geni. Unapiga picha ya jani, modeli, yaani programu iliyofundishwa kwa picha, inakuambia kama ni batobato, michirizi kahawia, au hakuna ugonjwa. Kazi kubwa haiko kwenye kompyuta. Iko kwenye lebo: nani alisema picha hii ni ya ugonjwa huu, na alijuaje?

Mpango wetu wa mwanzo ulikuwa ule unaotumiwa na wengi. Piga picha, mtaalamu aangalie jani, aandike lebo, twende shina linalofuata. Mama alitusimamisha siku ya kwanza tu. Tulikuwa tumesimama mbele ya shina lenye majani mabichi, mapana, yasiyo na doa. Afisa ugani alikuwa ameshafungua daftari.

"Jani halina neno," mama alisema. "Lakini shina hili silisemei mpaka nione chini."

Akalishika kwa mikono miwili karibu na udongo, akalitikisa, akaling'oa. Akachagua muhogo mmoja mnene, akaukata kwa panga vipande vipande, akavipanga juu ya jani la mgomba. Vipande vya kichwani vilikuwa vyeupe pe. Kuanzia katikati kulikuwa na mabaka ya rangi ya kutu, makavu, magumu ukiyabonyeza kwa kidole. Kisha akatupeleka kwenye shina jingine ambalo majani yake ya chini yalikuwa na manjano yenye kutia shaka. Akaling'oa nalo. Muhogo mweupe kutoka kichwa hadi mkia. "Hayo ni majani yaliyozeeka," akasema. "Angalia na kijiti chake, hakina mistari."

Kuanzia hapo utafiti ulibadilika. Kila shina lililopigwa picha liling'olewa, mihogo yake ikakatwa, na lebo zikawa mbili: ya jani peke yake, ya muhogo peke yake. Mihogo iliyokuwa mizima ilimenywa na kuanikwa makopa, maana hakuna nyumba ya huku inayotupa chakula kwa ajili ya sayansi. Sehemu ya tatu ya muswada, ile ya mbinu, imejengwa yote juu ya jambo hilo. Hata barua tuliyomwandikia mhariri, tulipotakiwa kueleza kazi yetu ina upya gani, ndicho tulichoeleza.

Sasa wazo hilo ni la nani?

Si langu. Mimi nisingeng'oa shina la mtu lenye majani mazuri.

## Majina yaliyobaki kwenye karatasi

Nilianza kusoma machapisho kwa jicho jingine, naanza na majina kabla ya matokeo.

Batobato ya muhogo ilielezwa kwa mara ya kwanza kwenye maandishi ya kisayansi mwaka 1894, na mwandishi wake ni Warburg, Mjerumani. Michirizi kahawia ilielezwa mwaka 1936 na Storey, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Amani, kule milima ya Usambara. Magonjwa yote mawili yaliingia kwenye vitabu vya dunia yakitokea katika ardhi hii yetu. Kuna watu waliowaongoza hao mabwana hadi kwenye mashamba, wakawaonyesha shina lipi ni gonjwa na lini lilianza kuugua. Majina yao hayanukuliwi na mtu, na hatutayajua tena.

Hilo ni la zamani, utasema. Haya, tuje karibu. Seti ya picha za muhogo inayojulikana zaidi kwa watu wa akili unde imetoka Uganda, ikatumika kwenye mashindano ya Kaggle, tovuti ya mashindano ya data na modeli, kuanzia mwaka 2020. Ina picha 21,367. Maelezo yake yanasema wazi kwamba nyingi zilipigwa na wakulima katika mashamba yao, na lebo zikawekwa na wataalamu wa NaCRRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa mazao ya Uganda, wakishirikiana na maabara ya akili unde ya Chuo Kikuu cha Makerere. Wataalamu wanatajwa kwa taasisi zao. Wakulima wanatajwa kama wakulima. Siwarushii mawe waliofanya kazi hiyo. Ni kazi kubwa, na modeli yetu ilianza kufundishwa kwa picha hizo hizo kabla ya kuona hata jani moja la Kasulu. Ninachosema ni kwamba mazoea haya tumeyarithi na hatuyaulizi.

Na yapo mazoea mengine. Mwaka 2020 jumuiya ya Masakhane, ya watafiti wa teknolojia ya lugha za Afrika, ilitoa makala kuhusu tafsiri ya mashine kwa lugha za Afrika, yenye waandishi zaidi ya 40, na mahali pa mwandishi wa kwanza wakaweka alama ya ∀, ambayo wanahisabati huisoma "kwa wote". Hoja yao ilikuwa kwamba mtu asiye na mafunzo rasmi anaweza kutoa mchango wa kisayansi, si msaada wa kubeba mizigo tu. Mwaka uliofuata watu wa jumuiya hiyo hiyo walichapisha katika TACL, jarida la kompyuta na lugha, kazi ya lugha kumi, Kiswahili kikiwemo, na orodha ya waandishi ikawa ndefu vile vile. Dunia haikuanguka.

## "Ameshalipwa"

Rafiki yangu anayefundisha chuo alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia nimwandike mama kwenye shukrani. "Kila mtu anafanya hivyo, ndugu yangu." Nilipobisha akasema mama ameshalipwa. Ni kweli, mashina yote tuliyong'oa tulimlipa, na siku zake za kazi tulizilipa.

Lakini na mimi nalipwa mshahara. Afisa ugani analipwa mshahara. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kwa kuwa nimelipwa, jina langu liondoke.

Hoja yake ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi. Alisema wahakiki, wale wasomi wanaoupima muswada kwa niaba ya jarida, wataona nimegawa majina kama zawadi. Hapo hakukosea kuonya. Uandishi wa zawadi upo, tena umejaa: mkuu wa idara ambaye hajasoma hata ikisiri anawekwa jina ili mambo yaende. Kama nampinga yule mkuu, siwezi kumweka mama kwa sababu tu namheshimu au kwa sababu nachukia jinsi wakulima wanavyosahaulika. Huko nako kungekuwa kumtumia.

Basi nikachukua masharti ya uandishi ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba. Yaliandikwa kwa ajili ya majarida ya tiba, lakini majarida mengi ya fani nyingine huyafuata au kuyakaribia. Ni manne, na mwandishi anapaswa kuyatimiza yote. Awe amechangia kwa uzito katika wazo, au kupata data, au kuichambua. Awe ameandika muswada au ameupitia kwa jicho la kuhakiki. Awe ameridhia toleo la mwisho. Awe tayari kuwajibika kwa kazi yote.

La kwanza mama alishalipita na kubakiza. La pili na la nne ndiyo yalinisimamisha. Muswada umeandikwa kwa Kiingereza. Atauhakikije? Na atawajibika vipi kwa majedwali ambayo hata mimi huyasoma mara mbili?

Kuna jambo lilinijia katikati ya mashaka hayo. Mwanzoni mwa mwaka 2023, baada ya ChatGPT kuanza kuandikwa kama mwandishi kwenye makala kadhaa, majarida makubwa kama Nature na Science yalitangaza kwamba programu haiwezi kuwa mwandishi, kwa sababu haiwezi kuwajibika kwa kilichoandikwa. Kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE, ikasema hivyo hivyo. Nakubaliana nao kabisa. Lakini tazama: programu ilifunguliwa mjadala wa dunia nzima ndani ya wiki chache. Mkulima aliyeweka lebo hakuwahi kufunguliwa mjadala. Na yeye anaweza kuwajibika. Ana jina, ana shamba, ana simu, na ukimwuliza anajibu.

## Kusoma barazani

Nilipanda gari la asubuhi kwenda Kasulu nikiwa na muswada uliochapishwa. Sikwenda kumfurahisha. Nilikwenda kuona kama sharti la pili linawezekana, na nilikuwa tayari kurudi na jibu la hapana.

Tulikaa barazani mchana kutwa, macho yangu yakisoma Kiingereza na mdomo ukitoa Kiswahili. Utangulizi aliusikiliza kwa adabu. Nilipomwambia kuhusu utafiti wa mwaka 2016 uliotumia picha 54,306 za PlantVillage, mkusanyo wa picha za majani ya mimea, alikaa vizuri. Modeli yao ilipata usahihi wa asilimia 99.35 kwenye picha zilizofanana na zile ilizojifunzia, kisha waandishi wenyewe, kwa uaminifu mkubwa, wakaripoti kwamba ilipojaribiwa kwa picha zilizopigwa katika mazingira tofauti ilishuka hadi karibu asilimia 31.

"Walikuwa wanachuma jani wanaliweka mezani?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, mengi yalichumwa na kupigwa picha juu ya karatasi.

"Basi hawakuona shina."

Tulipofika kwenye matokeo yetu, nikamweleza jedwali la mashamba: modeli inafanya vizuri huku na huku, lakini shamba moja inababaika. Kwenye muswada nilikuwa nimeandika sentensi moja kwamba huenda ni mwanga wa siku hiyo. Mama akaniuliza ni shamba lipi. Nikamtajia. Akasema pingili za shamba lile zilitoka kwa mjomba wa mwenye shamba, ng'ambo ya Malagarasi, na mbegu ile jani lake ni jembamba, vidole vyake vinachongoka na kijiti ni chekundu hata kikiwa kizima kabisa. "Hiyo simu yenu haijawahi kuiona mbegu hiyo. Itaijuaje?"

Nilitoa picha za shamba lile kwenye kompyuta tukaziangalia pamoja, moja baada ya nyingine. Mwanga ulikuwa wa kawaida. Majani ndiyo yalikuwa mengine.

Aya nzima ya majadiliano imeandikwa upya kutokana na mazungumzo hayo, na jedwali limeongezewa safu ya mbegu. Kama huko si kuhakiki muswada, basi sijui wahakiki wanafanya nini.

## Alichotaka kujua yeye

Sikutaka kumwingiza mtu kwenye jambo asilolijua, kwa hiyo nilimwambia aniulize chochote.

Aliuliza kama kuna pesa. Hakuna. Mwandishi wa jarida halipwi, na yapo majarida yanayomtoza mwandishi. Tena tangu Benki ya Dunia ilipoipandisha Tanzania mwaka 2020 kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, baadhi ya wachapishaji wanaofuata orodha hiyo hutupunguzia badala ya kutusamehe, na nusu ya ada bado ni mshahara wa mtu. Tulichagua jarida lisilotoza. Kwa wanaotafuta, yapo ya akili unde: JAIR tangu mwaka 1993, JMLR tangu mwaka 2000, ambalo mwaka mmoja baadaye liliungwa mkono na wahariri 40 waliojiuzulu kwa pamoja kutoka jarida la Machine Learning kwa sababu walitaka makala zisomwe bure. TMLR lililoanza mwaka 2022 nalo halitozi, na nalipenda kwa sababu linawauliza wahakiki mambo mawili ya msingi: je, madai yana ushahidi, na je, kuna wasomaji watakaojali? Haliulizi kama umeishangaza dunia.

Aliuliza kama watu wa serikali wanaweza kuja kumdai kwa jina lake kuwa kwenye karatasi. Nikamweleza vibali tulivyonavyo, kuanzia kwa mtendaji wa kijiji kwenda juu.

Akauliza kama jina la kijiji litaonekana. Hili sikulitarajia. Akaeleza: ikijulikana kwamba mihogo ya huku ina ugonjwa, nani atakuja kununua pingili zao? Tulizungumza hilo kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Tukakubaliana wilaya itajwe, kijiji kisitajwe, na kabla ya picha kutolewa kwa umma tufute taarifa za mahali ambazo simu huweza kuzificha ndani ya picha. Za muswada tulizifuta mapema zaidi, kwa kuwa jarida letu huficha waandishi kwa wahakiki na wahakiki kwa waandishi, na picha moja yenye vipimo vya Kasulu ingetosha kututambulisha.

Mwisho akasema, "Basi niandike. Ila kama kuna swali la shamba, waniulize mimi, usinijibie."

Hilo ndilo sharti la nne, na alilisema mwenyewe bila mimi kumsomea.

Kwenye kisanduku cha taasisi tukaandika "Mkulima, Kasulu, Tanzania". Fomu ilikubali. Kwenye maelezo ya michango tukafuata mpangilio wa CRediT, unaoonyesha nani alifanya nini kwenye utafiti, wenye majukumu 14, na mama amechukua matatu: mbinu, ukusanyaji wa data, na uthibitishaji. Jina lake ni la pili. Afisa ugani alisema liwe la pili kabla sijasema mimi, na namshukuru kwa hilo kwa sababu lilikuwa lake kulidai.

## Hoja ya nne ya mhakiki wa pili

Maoni yamerudi wiki iliyopita. Tumeambiwa tufanye marekebisho makubwa, jambo ambalo kwa wanaolijua si kukataliwa hata kidogo. Mhakiki wa kwanza anataka tulinganishe na modeli nyingine mbili. Ni kazi ya kompyuta na bando, tutaifanya. Mhakiki wa pili ameandika hoja nyingi, na ya nne ndiyo nzito. Anasema kuoza kwa muhogo huongezeka kadiri shina linavyokaa ardhini. Tuna uhakika gani kwamba mashina tuliyoyaita mazima hayakuwa tu machanga, kwamba ugonjwa haukuwa umeshaingia ila haujafika kwenye muhogo?

Ni swali la mtu anayejua anachouliza. Sikulijibu. Nilimpigia mama.

Alisema mashina yote yalipandwa mvua za kwanza, mwezi wa 11, na aliyachagua yaliyovuka mwaka. "Nani ang'oe muhogo ambao haujakomaa, mwanangu? Tungekula nini?" Kisha akatulia, akasema ipo mistari miwili ya shamba la bondeni iliyorudishiwa baadaye kwa sababu pingili za kwanza zilikufa na maji. Hiyo haikuwa imefika mwaka. Tuliing'oa kwa kuwa afisa ugani alitaka kuona.

Tumeipata kwenye daftari, mashina yake yana alama. Jumamosi afisa ugani anakwenda na pikipiki kuikagua upya mistari hiyo pamoja na mama, ili tujue inaishia wapi. Tutatoa matokeo mara mbili, pamoja nayo na bila yake. Jibu la mama nimelitafsiri kwenye barua ya wahakiki kama alivyolitoa, mistari ya bondeni ikiwemo, na kabla ya kuituma nitamsomea tena kwa simu.